PSP ya mtumba Mwanza: kuikagua, kuifufua na kuhamishia gemu zake kwenye simu

PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, iliingia sokoni kwa mara ya kwanza Japani Desemba 2004, na mwaka 2014 Sony ikaacha kuisambaza. Kwa hiyo PSP yoyote unayoikuta leo Makoroboi, kwenye meza ya vifaa vya mtumba au kwenye kurasa za kuuziana mtandaoni, ina umri mkubwa. Hilo lisikutishe. Bodi yake ni ngumu kufa. Vinavyochoka ni betri, kadi na lenzi inayosoma diski, na vyote vitatu vinapimika hapo hapo kibandani kabla hujatoa hela.

Jua kwanza unaangalia PSP ipi

Namba ya modeli iko kwenye stika ya mgongoni au ndani ya chumba cha betri. PSP-1000 ni nene, ina uzito wa gramu 280 hivi na RAM ya MB 32. PSP-2000 ilikuja 2007 ikiwa nyembamba, gramu 189, na RAM ya MB 64. PSP-3000 ya 2008 ina umbo lile lile, ila imeongezewa maikrofoni, na kitufe kilichoandikwa HOME kwenye 2000 hapa kina alama ya PS. Hizi tatu ndizo za kutafuta.

PSP Go, yaani N1000, haina mlango wa diski kabisa, na kadi yake ni ya aina nyingine, M2, ambayo ni shida kuipata. PSP-E1000 inasoma diski, lakini haina Wi-Fi, ina spika moja, na betri yake haitoki kwa mkono. Muuzaji akikuwekea E1000 kwa bei ya PSP-3000, mwombe ashushe. Kama unataka kucheza na mwenzako, hata akishusha usiichukue.

Tarakimu ya mwisho inaonyesha ilikotengenezewa kuuzwa: 3000 ni ya Japani, 3001 ya Marekani, 3003 ya Uingereza, 3004 ya Ulaya bara. Kwa gemu hilo halina madhara, kwa sababu diski za gemu za PSP hazifungwi kwa nchi. Tofauti utakayoiona mapema ni kwamba kwenye mashine ya Kijapani kitufe cha kukubali ni duara na cha kurudi nyuma ni msalaba. Wengi hudhani vitufe vimeharibika, kumbe ndivyo ilivyoundwa. Lugha ya menyu hubadilishwa kwenye mipangilio.

Kati ya 2000 na 3000, chukua iliyo nzima zaidi. Kioo cha 3000 kina rangi nzuri, lakini mistari myembamba huonekana picha inapokimbia. Kioo cha 2000 huacha kivuli nyuma ya kitu kinachosogea. Jicho huzoea vyote viwili.

Ukaguzi wa dakika kumi kibandani

Nenda na vitu vitatu: chaja ya volti 5 yenye pini ya duara ya milimita 4.0 kwa 1.7, diski moja ya UMD unayojua ni nzima, na kadi ya Memory Stick Pro Duo. Chaja halisi ya Sony imeandikwa 5V 2000mA au 1500mA. Kama huna diski, azima. Usikubali kununua PSP ambayo mlango wake wa diski haujajaribiwa.

1. Fungua kifuniko cha nyuma, toa betri na uilaze juu ya kioo cha meza. Betri nzima hulala bapa. Ikiyumba au ikizunguka ukiisukuma kwa kidole, imevimba. Betri iliyovimba haitumiki tena na haichajiwi hata kwa majaribio. Kifuniko kisichokaa sawasawa nacho kinakuambia jambo hilo hilo.

2. Chomeka chaja bila kurudisha betri, kisha washa. PSP huwaka kwa chaja peke yake. Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu sentensi utakayoisikia zaidi ni "hii imekufa betri tu." Mjibu kwa upole: "Sawa kaka, basi tuiwashe kwa chaja bila betri." Ikiwaka, anasema kweli. Isipowaka, tatizo liko kwenye tundu la chaja, fyuzi au bodi. Bei ya hapo ni ya spea tu.

3. Ikiwaka itauliza tarehe na saa, kwa kuwa saa ya ndani hupotea betri ikitolewa. Usishtuke. Tafuta sehemu yenye picha ya rangi moja uangalie kama kioo kina madoa, kisha bonyeza kitufe cha mwanga chini ya kioo upitie viwango vyote.

4. Weka diski. Mlio mfupi wa kuzunguka ni wa kawaida. Ikizunguka, ikanyamaza, ikazunguka tena bila kuonyesha picha ya gemu, lenzi ina vumbi au imechoka. Vumbi linaondoka, uchovu hauondoki, na hapo kibandani huwezi kujua ni kipi. Shusha bei kama vile lenzi imekufa.

5. Ndani ya gemu jaribu kila kitufe, hasa L na R, ambazo kwenye 2000 na 3000 huchoka mapema kuliko vingine. Sogeza kijiti cha analogi pande zote halafu kiachie. Mchezaji akiendelea kutembea peke yake, kijiti kimelegea. Kinabadilishwa, lakini cha 1000 hakiingii kwenye 2000 wala 3000, kwa hiyo mtajie fundi modeli kabla hajaagiza.

6. Chomeka kadi uone kama inasomeka. Chomeka na spika za masikioni: sauti ikitoka upande mmoja, tundu limelegea.

7. Rudisha betri, acha chaja ikiwa imechomekwa. Taa ya chungwa maana yake inachaji. Nenda "Settings", kisha "System Settings", kisha "Battery Information" usome asilimia. Chomoa chaja. Ikizima papo hapo wakati menyu imesema asilimia 80, betri imekwisha, namba ni pambo tu.

Ukiagiza kutoka Dar, omba video ya hatua ya 2 na ya 4 ikionyesha namba ya modeli bila kukatwa katikati. Mzigo ukija kwa basi hadi Nyegezi au Nyamhongolo, mwambie muuzaji atoe betri na kuifunga kando, na asiache diski ndani ya mashine. Safari ndefu yenye mitikisiko inaweza kuidhuru diski au lenzi.

Betri

Betri halisi ya 1000 ni ya mAh 1800, ya 2000 na 3000 ni mAh 1200, zote volti 3.6. Betri nene ya 1000 inaingia kwenye 2000 na 3000 na kufanya kazi, ila kifuniko hakifungi mpaka upate kile kilichotuna. Tunaipendekeza kwa anayesafiri sana, maana muda wa kucheza unaongezeka kwa nusu.

Sony haizitengenezi tena, hivyo betri mpya utakayouziwa ni ya kiwanda kingine. Si mbaya zote. Mbaya ni ile nyembamba iliyoandikwa 3600mAh. Umbo ni lile lile la mAh 1200, hakuna mahali pa kuweka chaji mara tatu yake. Aliyedanganya kwenye stika hashindwi kudanganya kwenye seli. Chagua iliyoandikwa 1200 au karibu na hapo.

Ukiipata, ichaji mpaka taa ya chungwa izime, weka mwanga wa katikati, zima Wi-Fi kwa swichi yake, ucheze mfululizo. Betri nzuri inakupa saa tatu au zaidi kwa gemu ya diski, na zaidi kidogo kwa gemu iliyo kwenye kadi, kwa kuwa mota haizunguki. Ikiishia saa moja na nusu, irudishe ilikotoka mapema.

Kosa linaloua betri nyingi ni kudhani mashine imezimwa wakati imelala. Ukisukuma swichi ya umeme mara moja ukaachia, PSP inalala na inaendelea kula chaji kidogo kidogo. Ili izime kabisa, ishikilie kwa sekunde tatu hivi mpaka taa ya kijani izime. Ukienda kuiweka kabatini kwa miezi, iache na chaji nusu na betri ukiitoa nje.

Umeme ukikatika, 2000 na 3000 hupokea chaji kwa waya wa USB mini, baada ya kuruhusu "USB Charge" kwenye "System Settings". Hiyo huenda polepole na haichaji ukiwa unacheza. Njia bora, ambayo inafaa na 1000 pia, ni waya wa USB wenye pini ya duara ya 4.0 kwa 1.7 upande wa pili. Pini hiyo PSP inaiona kama chaja, hivyo unacheza huku inachaji. Pawabenki nzima ya mAh 10,000 hujaza betri ya mAh 1200 mara tano hivi, yaani usiku mzima wa meli ya Bukoba na kurudi. Usitumie chaja ya volti 9 au 12 eti kwa sababu pini inaingia. Fyuzi ya PSP inaungua na kuibadilisha ni kazi ya kuchomelea chini ya kioo cha kukuza.

Kadi

Memory Stick Pro Duo halisi ni adimu na ghali. Tumia adapta inayobeba kadi ya microSD. Chukua ile ya kadi moja, si ya kadi mbili, kwa sababu ya kadi mbili huharibu data zote moja ikiteleza. Microsd ya GB 32 inatosha: gemu kubwa kabisa ya PSP haizidi GB 1.8, ambayo ndiyo nafasi ya diski ya UMD, na nyingi ziko chini ya hapo.

Kadi bandia zimejaa kila mahali. Kabla ya kuweka chochote, ipime kwenye kompyuta kwa H2testw kama ni Windows, au F3 kama ni Linux. Programu hizi huijaza kadi nzima kisha kuisoma tena. Kwa GB 32 na kisoma kadi cha kawaida ni kazi ya saa moja hadi mbili. Ikikuambia data imepotea baada ya GB 7 au 8, kadi ni bandia hata kama simu inaonyesha 32. Kwenye PSP kadi hiyo itakubali gemu chache za kwanza vizuri, inayofuata itakwama katikati, na siku moja kumbukumbu zako zote za michezo zitaandikwa kuwa zimeharibika. Watu hulaumu mashine, na mashine haina kosa.

Kadi ikipita mtihani, ichomeke kwenye PSP na kuifomati humo humo: "System Settings", kisha "Format Memory Stick". PSP itatengeneza folda ya PSP yenye GAME na SAVEDATA ndani yake. Wewe ongeza folda ya ISO, yaani ya kuwekea nakala za diski, nje kabisa, kando ya hiyo ya PSP, kwa herufi kubwa. Taa ya kadi ikiwa inapepesa, usichomoe kadi wala betri.

Diski na lenzi

Lenzi ya UMD inaonekana ukifungua mlango, huhitaji skrubu hata moja. Toa betri. Puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mkono, si kwa mdomo, maana mate yanakauka juu ya lenzi. Lowesha pamba ya masikioni kwa tone moja la isopropili (alkoholi ya kusafishia vifaa) ya asilimia 99, izungushe juu ya lenzi bila kukandamiza, kisha pitisha pamba kavu. Subiri dakika tano. Spiriti ya hospitali ina maji zaidi, itumie kama hakuna nyingine na usubiri zaidi.

Diski nyingi zinazoitwa mbovu ni ganda tu lililoachana. Ukiona kidirisha cha plastiki kimeachia, safisha ukingo, weka gundi ya plastiki kwa ncha ya sindano kuzunguka nje, ubane kwa saa nzima. Gundi ikiingia ndani, diski haizunguki tena. Kidole kisiguse sehemu inayong'aa.

Kunakili diski zako

Lenzi ikisoma diski kila siku inachoka, na mota inakula betri. Ukishanunua diski, inakili kwenye kadi na uihifadhi yenyewe. Hapo ndipo tunapoweka mpaka: nakala ni ya diski unayoimiliki. Kadi zinazouzwa zikiwa "zimejazwa gemu" ni kazi za watu zilizochukuliwa bila ruhusa, na mara nyingi zimekatwa video na muziki ili zienee, ndiyo maana hukwama sehemu ile ile kila ukicheza.

Pandisha kwanza programu endeshi hadi 6.61, toleo la mwisho la Sony. Faili la EBOOT.PBP linakaa PSP/GAME/UPDATE, na mashine inataka betri yenye chaji ya kutosha pamoja na chaja. Umeme wa LUKU uangalie kabla hujaanza. Kisha pakua ARK-4, programu isiyo ya Sony inayoiwezesha PSP kunakili diski na kucheza nakala za ISO, kutoka kwa watengenezaji wake. Folda ya ARK_01234 iweke PSP/SAVEDATA, ya ARK_Loader iweke PSP/GAME, halafu ifungue kutoka kwenye menyu ya gemu. Inakaa hai hadi uzime mashine kabisa. Ukiizima, unafungua tena ARK_Loader, ni sekunde chache. Kulala hakuiondoi. Njia za kuifanya ya kudumu zipo, ila kwa anayeanza hii ni salama zaidi kwa sababu haigusi kumbukumbu ya ndani.

Ukiwa kwenye menyu kuu, bonyeza SELECT, tafuta mstari wa "USB Device" na uubadilishe kuwa "UMD Disc". Unganisha kompyuta kwa waya wa USB mini. Kompyuta itaona faili moja la ISO. Linakili. UMD husomwa taratibu, hivyo diski iliyojaa huchukua dakika ishirini na ushee, na betri iwe na chaji au chaja iwe imechomekwa. Likikwama kila mara kwenye asilimia ile ile, rudi kwenye lenzi na diski, tatizo halipo kwenye kompyuta. Kisha lihamishie kwenye folda ya ISO ya kadi.

Gemu zile zile kwenye simu

PPSSPP ni emuleta, yaani programu inayoifanya simu ifanye kazi kama PSP. Ilianzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012, ni ya bure, na haihitaji faili lolote la Sony ili iwake. Ya Gold ni ya kulipia, lakini kasi ni ile ile. Unalipa kuwaunga mkono watengenezaji, na wanastahili.

Sakinisha kutoka Play Store au tovuti yao, chagua folda ya kuhifadhia, kisha ionyeshe lilipo faili lako la ISO. Kwa simu za bei ya chini zenye RAM ya GB 2 au 3 anza hivi: kwenye "Graphics" chagua Vulkan, ikishindwa kuwaka rudi OpenGL. "Rendering resolution" weka 1x, ambayo ni 480 kwa 272 kama kioo cha PSP yenyewe. "Frame skipping" iache ikiwa imezimwa. Cheza dakika kumi. Ikienda kasi kamili, panda hadi 2x. Ikikokota hata kwenye 1x, ndipo uruhusu kuruka fremu moja. Tekken: Dark Resurrection huenda vizuri kwenye simu nyingi, lakini God of War: Ghost of Sparta itaipima simu yako kweli. Simu ikipata joto kasi hushuka yenyewe, kwa hiyo usicheze ikiwa inachaji ndani ya kava nene.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ulipofikia kwenye PSP unaweza kuendelea kwenye simu. Nakili folda ya gemu hiyo kutoka PSP/SAVEDATA ya kadi hadi PSP/SAVEDATA ya PPSSPP. Sharti ni toleo liwe moja. Jina la folda huanza na herufi kama ULUS kwa Marekani au ULES kwa Ulaya, na kumbukumbu ya ULUS haionekani kwenye gemu ya ULES. Hifadhi kwa njia ya gemu yenyewe. "Save state" ya PPSSPP ni ya haraka, lakini haiendi kwenye PSP, na toleo jipya la programu linaweza kushindwa kuifungua.

Kabla hujaisaka diski

Baadhi ya gemu zimetolewa upya, na kuzinunua huko ni rahisi kuliko kuwinda diski. GTA: Liberty City Stories ipo kwa simu tangu 2015 kwa iPhone na 2016 kwa Android. Patapon na LocoRoco zilirudi kwa PS4 mwaka 2017. Crisis Core ilitengenezwa upya Desemba 2022, Persona 3 Portable ikafuata Januari 2023 kwa PS4, Xbox, Switch na kompyuta. Gemu za mpira ndizo hazirudi, kwa sababu leseni za wachezaji na timu huisha. Ukiiona diski ya FIFA 14 au PES 2014, ambazo ni kati ya za mwisho za PSP, ichukue.

Kwa kucheza wawili, PSP mbili huongea zenyewe bila intaneti wala bando. Washeni swichi ya WLAN, chagueni "Ad Hoc" ndani ya gemu, kila mmoja awe na nakala yake. Inafaa hata Ukerewe.

Maji ya ziwa

Ziwa Victoria halina chumvi kama bahari ya Dar, kwa hiyo PSP iliyodondokewa na maji kwenye boti au feri ya Kamanga ina nafasi nzuri ya kupona, mradi tu usiiwashe. Toa betri hapo hapo, toa kadi na diski. Usichomeke chaja ili "kuona kama ipo hai". Umeme ukipita kwenye maji ndipo bodi inapoliwa. Mchele hausaidii, unaacha unga tu.

Ifungue siku hiyo hiyo kwa bisibisi ya nyota ya PH00. Skrubu zina urefu tofauti, zipange kwenye karatasi kwa mpangilio wa zilikotoka, na kumbuka nyingine hujificha chini ya stika ndani ya chumba cha betri. Fleksi, yaani nyaya bapa za ndani, zinafunguliwa kwa kuinua kishikizo kwanza, ukivuta kwa nguvu zinakatika. Piga bodi kwa brashi ya meno laini na isopropili, hasa kwenye tundu la chaja na chini ya kadi, ambako maji hukaa. Anika mbele ya feni kwa siku nzima, si juani, maana joto linalegeza gundi ya kioo. Betri iliyoingia maji itupe. Ukimaliza kufunga, iwashe kwa chaja bila betri, na ikikaa dakika kumi bila kupata joto upande wa tundu la chaja, weka betri nyingine.